Mchanga Tumboni mwa Tanuri

Fundi Mchwa alikufa akiwa amemaliza kumjengea bintiye tanuri la mikate, lakini alikufa kabla ya kulitoa mchanga. Hilo ndilo lililowakusanya watu watatu uani nyuma ya nyumba asubuhi ile, wamesimama kimya kama wanaomwangalia mgonjwa ambaye haijulikani ataamka au la.

Tanuri lenyewe lilikuwa chini ya paa la mabati, limekaa juu ya msingi wa mawe uliofika kiunoni. Lilikuwa kuba ya matofali ya kuchoma, pana kuliko kitanda, na mbele lilikuwa na mdomo mdogo wa kupitishia sinia. Mdomo huo ulikuwa umejaa mchanga, na nyuma ya mdomo ulikuwa mchanga mtupu. Ndivyo Mchwa alivyojenga matanuri maisha yake yote. Hakutumia mbao wala chuma kuishikilia kuba. Alirundika mchanga uliolowa, akaupigapiga na kuulainisha kwa viganja mpaka ukawa kama tumbo la mama mjamzito, akaufunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, kisha akapanga matofali juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akafunga kileleni. Udongo wa kuunganishia ukishakauka, mchanga hukombwa kupitia mdomoni, kidogo kidogo, mpaka kuba inabaki imesimama peke yake, haina kinachoishika ila jinsi tofali moja linavyoliegemea jingine.

Au haibaki, inakuja chini yote. Hapo ndipo penye mashaka.

"Mimi nasema livunjwe," alisema mdogo wake marehemu. Huyu alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu wa kitambi na sauti, na binti alimwita Baba Mdogo ingawa hapakuwa na kitu chochote kidogo mwilini mwake. "Tusidanganyane. Kaka mwaka huu wote alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai. Nusu kinywani, nusu kwenye shati. Leo mtu huyo amepanga matofali, nasi tuingize vichwa chini yake?"

"Hakuna anayeingiza kichwa, Baba Mdogo. Inaingia mikate."

"Na mikono inayoingiza mikate ni ya nani? Si yako? Nani atakuoa huna mikono?"

"Nimeshaolewa."

"Basi nani atakaa na wewe?"

Binti akacheka bila kupenda, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alikuwa mwoka mikate. Miaka mingi alikuwa akikanda unga kwenye duka la mikate la mtu mwingine, mpaka alipopiga moyo konde akaaga kazi ili ajitegemee, kwa sababu baba yake alimwambia: nitakujengea tanuri, na litakuwa zuri kuliko yote niliyojenga. Sasa baba hayupo. Tanuri lipo, na kama halitasimama, hakuna fundi mwingine pale mjini ajuaye kujenga la namna hiyo. Atalazimika kurudi kwa tajiri wake wa zamani, mikono nyuma, aombe kazi aliyoiacha kwa mbwembwe.

Mtu wa tatu alikuwa mzee mwembamba aliyesimama kando na kofia mkononi. Huyu alikuwa mshona nguo, rafiki wa Mchwa tangu wote wawili hawajaota meno ya mbele. Mchwa ndiye aliyempa jina la Uzi, kwa wembamba wake, na jina likamganda hata ukubwani. Yeye naye ndiye aliyemwita mwenzake Mchwa, kwa kuwa tangu utotoni hakuonekana ila ana udongo mikononi. Uzi alimzidi Mchwa kwa wiki chache tu, lakini hakukubali zisahauliwe, na kwa ajili ya wiki hizo binti alimwita Baba Mkubwa.

"Baba Mkubwa, mbona husemi?"

Uzi aliigeuzageuza kofia yake. Alikuwa na neno, lakini lilikuwa la kuonea haya. Yeye pia alitaka tanuri livunjwe. Hakuhofia mikono ya binti. Alichohofia ni jina la Mchwa. Aliyazunguka yale matofali mara kadhaa tangu matanga yaishe, na kila alipoyazunguka moyo ulimshuka. Kwa nje kazi ilikuwa mbovu. Udongo ulikuwa umevimba kwenye viungo kama nyama inayotoka kwenye mshono uliofumuka. Matofali yalikaa kama meno ya mzee. Mchwa wa zamani angeona kazi kama ile angetema mate chini. Uzi aliona mkono unaotetemeka katika kila kiungo, na aliona, kana kwamba limeshatokea, rundo la matofali na vumbi, na watu wa mtaa wakisema: hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya yule fundi mkubwa. Afadhali livunjwe kwa makusudi, kimya kimya, kabla halijajivunja lenyewe mbele za watu. Aliona huo ndio wema wa mwisho anaoweza kumtendea rafiki.

"Mwanangu," alianza, "baba yako alijenga matanuri mengi mazuri…"

"Najua unakokwenda," binti akamkatiza kwa upole. "Usifike huko. Baba alisema wewe ndiye utakayetoa mchanga."

"Mimi? Mimi mshona nguo?"

"Alisema: mimi nguvu sina tena, na watu wengine wote wana mikono kama magogo. Mwite Uzi, mkono wake unapita hata kwenye tundu la sindano. Halafu akacheka mpaka akakohoa."

Baba Mdogo aliutazama mkono wake mwenyewe, akauficha nyuma.

Uzi akabaki na kofia yake. Alicheka kidogo kisha akaacha, maana aliisikia kabisa ile sauti, na haikuwa ya mzee mgonjwa. Ilikuwa ya mtoto.

Zamani hizo nyumba zao zilichangia ukuta mmoja, na mama zao waliazimana kila kitu mpaka watoto wenyewe. Mvua ikikatika, watoto walitoka mbio kwenye rundo la mchanga wa ujenzi lililokuwa limemwagwa kando ya njia. Mchezo wao ulikuwa ule ambao kila mtoto aliyewahi kuuona mchanga mbichi anaujua: unafunika mguu kwa mchanga, unaupigapiga, kisha unauchomoa mguu, na pango linabaki. Yaani lazima libaki, lakini kwa watoto wengi halikubaki. La Uzi lilianguka kila mara. La Mchwa halikuanguka hata siku moja.

"Wewe unautoa mguu kama unayekimbia nyoka," Mchwa alimwambia siku moja. Alikuwa mtoto mwenye kamasi, kaptula imetoboka nyuma, na alisema kwa ukali wa mwalimu. "Mchanga unashtuka. Uambie kwanza kwamba unaondoka."

"Mchanga una masikio?"

"Chezesha kidole gumba. Kidogo. Kidogo tena. Utausikia unakaa. Ukikaa, ndiyo utoke."

Uzi alichezesha kidole gumba, akangoja, akauvuta mguu. Pango likasimama. Alipigwa na butwaa, akalala kifudifudi kuchungulia ndani, akaona giza dogo safi ambalo hakulitengeneza mtu, lililoachwa tu na mguu wake. Hajasahau mpaka leo. Mchwa naye siku hiyo alijifunika miguu yote miwili hadi mapajani, akakaa hapo kama mfalme aliyezikwa nusu, akatoka taratibu, na kabla jua halijatua paka wa jirani alikuwa amehamia ndani na hataki kutoka. Wakubwa waliokuwa wakitoka kazini walisimama kutazama. Mtu anayesukuma baiskeli alilizunguka lile rundo kwa mbali, asije akalitikisa.

Tangu siku hiyo Uzi aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba rafiki yake anajua jambo ambalo watu wengine hawalijui. Walikua, mmoja akashika sindano na mwingine mwiko. Mchwa alijenga matanuri kwenye shule, kwenye hospitali, kwenye nyumba za matajiri na kwenye vibanda. Uzi alimshonea mashati, na kila mara Mchwa aliligeuza shati ndani nje kabla ya kulivaa, akalikagua mshono kwa mshono na kusema, "Hapa ulisinzia. Hapa mkeo alikuita." Uzi alikasirika, na shati lililofuata alilishona vizuri zaidi. Mkate kutoka matanuri ya Mchwa aliula maisha yake yote, lakini hakuwahi kuchungulia ndani ya tanuri hata moja. Kuna nini cha kuona humo? Giza na masizi.

"Leteni kopo," Uzi alisema.

Baba Mdogo akashika kiuno. "Mzee mwenzangu, unatafuta nini? Ukivunjika mkono cherehani itaendeshwa na nani?"

"Kwa miguu," Uzi akajibu, akakunja shati hadi begani.

Binti alileta kopo la bati na ndoo. Uzi alipiga magoti mbele ya mdomo wa tanuri, juu ya gunia la unga lililokunjwa, akaanza kukomba. Mchanga wa mbele ulikuwa umekauka na ulitoka wenyewe. Wa ndani ulikuwa na unyevu bado, umeshikana, na harufu yake ilikuwa ya njia ile ya utotoni baada ya mvua. Aliukwangua kwa ncha za vidole, akajaza kopo, akamwaga ndooni. Binti alibeba ndoo, akamwaga ukutani, akarudi. Baba Mdogo alisimama mlangoni mwa nyumba, mbali, kama mtu anayengoja baruti ilipuke, lakini kila mara alinyoosha shingo.

"Kunaonekana nini?"

"Mchanga."

"Na sasa?"

"Mchanga, Baba Mdogo."

"Nauliza tu. Ni kaka yangu."

Jua lilipanda. Mkono wa Uzi uliingia mpaka kiwiko, kisha mpaka begani, na shavu lake likawa limebanwa kwenye matofali ya mdomo. Alikuwa akichimba kama kipofu, njia nyembamba kuelekea katikati, na kila alipogusa mchanga alikumbuka kuucheza kwanza kwa kidole, kidogo, asiushtue. Hakujua kama ni akili au ni upuuzi wa uzee. Aliendelea.

Ndipo mchanga ulipoporomoka.

Ulitoa mshindo mzito, wa chini, kama mtu aliyetupa gunia ndani ya nyumba tupu. Vumbi likatoka mdomoni mwa tanuri kama pumzi. Baba Mdogo akapiga ukelele, "Limekwenda!" na mlango wa nyumba ukajibamiza nyuma yake. Binti aliangusha ndoo akaita, "Baba!" na haikujulikana alimwita yupi kati ya baba zake watatu.

Uzi hakuweza kuchomoa mkono. Ulikuwa umezikwa mpaka kwapa. Alifumba macho akangoja matofali. Roho ilikuwa imemruka, lakini akili yake ilibaki tulivu kwa namna ya ajabu, na ilisema: basi, Mchwa, niangushie. Hakuna kilichoanguka. Kisha, juu kabisa, akasikia mlio mdogo mkavu, mmoja, kama wa mtu mzima anapojiweka vizuri kitini baada ya safari ndefu. Baada ya hapo kukawa kimya.

"Baba Mkubwa? Uko hai?"

"Niko hai. Limekaa."

"Nini limekaa?"

"Kuba. Mchanga ndio ulioanguka. Kuba imekaa."

Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja la Baba Mdogo likatokea. "Kweli?"

"Njoo uone mwenyewe, shujaa," alisema binti, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka naye anacheka.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Mchanga ulitoka ndoo kwa ndoo, mpaka Uzi akaweza kuingiza kichwa na bega moja. Juu yake palikuwa na magazeti, yamekauka na kugandama, yamefunika kuba yote kama bitana. Aliyabandua kipande kipande na kuyatoa nje. Baba Mdogo, ambaye sasa alikuwa amesogea kabisa, aliyaokota na kuyasoma.

"Timu yetu ilifungwa tena wiki ile?" aliguna. "Nilikuwa sijui. Afadhali nilikuwa sijui."

"Nipe tochi," Uzi alisema kutoka ndani. Sauti yake ilitoka nene, si yake.

Alipewa tochi. Akajigeuza, akalala chali juu ya mchanga uliobaki, kichwa na kifua vikiwa ndani ya tanuri na miguu yake miembamba ikining'inia nje. Akawasha.

Wale waliokuwa nje waliona miguu ikitulia. Binti akaita mara mbili.

Uzi alikuwa akitazama kazi ambayo hakuwahi kuiona mfano wake, na yeye alikuwa ameishi miaka mingi kati ya watu wa kazi za mikono. Matofali yalizunguka juu yake, pete ndani ya pete, kila moja ndogo kuliko iliyoitangulia, yakipanda mpaka kileleni ambako kipande kimoja kilichochongwa kama kabari kilifunga yote. Nyuso zao zote zilikuwa sawa. Hapakuwa na tofali lililotokeza hata unene wa ukucha, wala lililorudi nyuma. Viungo kati yao vilikuwa vyembamba kuliko mshono wa kola, na vilikwenda vikizunguka bila kusita, bila kupinda, mpaka jicho likashindwa kujua pete moja ilianzia wapi. Aliposogeza tochi, mwanga ulikimbia kuzunguka kuba nzima na kumrudia, kama maji yanayozunguka ndani ya bakuli.

Alielewa mara moja lile kosa lao. Walikuwa wameihukumu nguo kwa upande wa ndani. Ule udongo uliovimba, yale matofali yaliyokaa kama meno, ulikuwa upande wa mishono. Mchwa alikuwa amefanya kazi kwa nyuma. Uso wa kazi ulikuwa huku, umelalia mchanga na magazeti, na aliujenga bila kuuona, akijua kwa vidole tu unavyokuwa. Uzi alikuwa fundi cherehani, alijua maana ya kushona nguo imegeuzwa na kuwa na imani kwamba ukiigeuza itakuwa sawa. Lakini nguo yeye huigeuza, akaiona. Matanuri mengine yote Mchwa aliyatoa mchanga mwenyewe, akayaona. Hili hakuliona. Uzi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuliona, yeye Uzi, ambaye asubuhi hiyo hiyo alitaka lipigwe nyundo.

Alitoka polepole. Nywele zake zilijaa mchanga.

"Ni baya?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

Uzi alimpa tochi tu.

Binti aliingia akakaa humo muda mrefu, na walimsikia akilia na kile kilio kikirudi kutoka kwenye kuba kikiwa kikubwa na laini, kama watu wengi wanalia naye kwa adabu. Alipotoka, Baba Mdogo alisema, "Nipisheni," akaingiza kichwa, akakwama mabegani, akavuta pumzi, akasukuma, akakwama zaidi. Siku nyingine wangecheka. Miguu yake minene ilitulia kama ilivyotulia ile miembamba. Walipomchomoa, uso wake ulikuwa umebadilika. Alikaa chini penye vumbi na suruali yake nzuri.

"Alikuwa anatetemeka," alisema. Hakuwa akibishana tena. Alikuwa akiuliza. "Nilimwona kwa macho yangu. Kikombe kilikuwa kinamshinda. Sasa yule aliyefanya hivi ni nani?"

Binti alikuwa akiyaokota magazeti na kuyakunja bila sababu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa matofali," alisema. "Alikuwa akiliweka tofali, halafu mkono wake unabaki juu yake, unatetemeka, unatetemeka, hauondoki. Mimi nilidhani ameshindwa kuuondoa. Nilikuwa nageuza uso nisimtie aibu. Nikigeuka tena, ananyoosha mkono: lete jingine."

Uzi alimtazama. "Sema tena. Mkono ulibaki juu ya tofali?"

"Kila tofali. Muda mrefu. Mpaka mwenyewe aridhike."

Uzi alikwenda akachukua tofali moja lililobaki pembeni. Akaliweka juu ya mchanga uliomwagwa ukutani, akaweka kiganja juu yake, akautikisa mkono kidogo kidogo, kama mgonjwa. Tofali likazama unywele mmoja, likajitafutia mahali, likatulia. Alipoliinua, alama yake mchangani ilikuwa sawa kama iliyopigwa pasi.

Walikuwa wakiutazama mchanga ule, na polepole wakaona wote watatu jambo lile lile. Ugonjwa uliomnyang'anya Mchwa kikombe, kijiko na vifungo vya shati, yeye aliubeba mpaka kazini akaufanya kifaa. Mwaka mzima watu walimhurumia ule mkono. Mwaka mzima mwenyewe alikuwa akiutumia kulaza matofali kwa upole ambao mkono mzima usingeuweza.

"Kaka," alisema Baba Mdogo, akatikisa kichwa. "Kaka, kaka, kaka."

Habari ilitoka uani bila kutumwa. Jioni majirani walikuja, wakaingiza vichwa mmoja mmoja na kutoka wameduwaa. Mpiga rangi mmoja aliingia mara mbili. Uzi alisimama kando ya mdomo wa tanuri kama mlinzi, akiwaambia wavue kofia wasije wakakwaruza.

Kesho yake binti alikuja na kuni.

"Unafanya nini?" Uzi alishtuka.

"Linataka kukaushwa, Baba Mkubwa. Moto mdogo leo, mkubwa kidogo kesho, hivyo hivyo mpaka unyevu uishe. Wateja wananingoja."

"Litaingia masizi!"

"Litaingia."

"Kazi yote ile itakuwa nyeusi. Hakuna atakayeiona tena. Ngoja angalau wiki moja. Waje watu. Aje mtu wa kupiga picha."

Binti aliweka kuni chini, akamshika mzee mkono. "Baba hakujenga kitu cha kutazamwa. Alinijengea tanuri. Nisipowasha, nitakuwa nimemwambia alifanya kazi bure."

Uzi alijua binti ana haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa kwenye kigoda akatazama vijiti vikishika moto. Moshi ulipanda, ukatafuta njia kwenye kuba, na ile rangi nzuri ya matofali ikaanza kufifia. Pete ya kwanza ikawa ya kijivu, kisha ya pili. Siku baada ya siku alikuja, na siku baada ya siku mle mlikuwa na weusi zaidi, mpaka ndani ya tanuri mkawa kama ndani ya tanuri lolote. Mtu akichungulia anaona giza. Uzi alijiambia kwamba ndivyo inavyokuwa, kwamba ameona, na inatosha. Lakini haikumtosha. Alihisi kama amemzika Mchwa mara ya pili, na mara hii kwa mikono yake.

Siku ya moto mkubwa alikaribia kutokuja. Alikuja mchana, amechelewa. Binti alikuwa amefunga kitambaa kichwani, jasho linamtoka, na tanuri lilikuwa likinguruma. Kuni nene zilikuwa zikiungua ndani na ndimi za moto zililamba kuba na kurudi hadi mdomoni.

"Afadhali umefika. Njoo hapa. Usisogee sana. Tazama juu."

"Nitazame nini? Masizi?"

"Tazama tu."

Aliinama, mkono mbele ya uso kwa sababu ya joto. Mwanzo hakuona ila weusi na moto. Kisha kileleni, pale penye ile kabari, palitokea doa jeupe, dogo kama ukucha. Alidhani ni macho yake. Doa likakua. Likafika pete ya juu kabisa, likaizunguka, na matofali yakajitokeza mojamoja, safi, makavu, yenye viungo vile vile vyembamba, kana kwamba kuna mkono unaoyafuta. Kisha pete ya pili. Weusi ulikuwa ukirudi nyuma, ukishuka taratibu pande zote kwa wakati mmoja, na nyuma yake kuba ilikuwa ikirudi, si kwa mwanga wa tochi sasa bali kwa mwanga wa moto wake yenyewe, inang'aa kuliko siku ile ya kwanza.

Uzi alimgeukia binti.

"Inakuwaje?"

"Masizi nayo yanaungua," alisema binti. "Joto likifika kiasi chake, tanuri linajisafisha. Kila mwoka mikate anajua. Nilitaka nikwambie siku ile, lakini nikaona sitaweza kulisema vizuri. Nikasema uone."

"Na mikate ikishaiva?"

"Moto ukipoa na nikiwasha tena, yanarudi masizi."

"Halafu?"

"Halafu yanaungua tena. Hivi hivi, kuanzia juu."

"Lini?"

"Kila siku, Baba Mkubwa. Kila siku nitakayowasha."

Uzi alivua kofia, akasogea karibu kadiri uso wake ulivyoweza kuvumilia ule moto, akatazama.